Kisu Mfukoni mwa Mtoto



Katika majuma ya mafundisho ya Kipaimara kulitokea jambo dogo hapa parokiani kwetu, nalo limetusumbua mioyo kuliko mambo mengi makubwa. Mvulana wa miaka 14 alikuwa akitoa daftari katika mkoba wake, na kisu cha kukunja kikadondoka sakafuni. Watoto wenzake wote wakanyamaza. Mwalimu akakiokota, akampelekea Padre, na Padre akakileta mbele ya Halmashauri ya Parokia, tupate kushauriana.

Tulishauriana kwa sauti kubwa. Wako waliosema mtoto huyo aondolewe katika orodha ya Kipaimara, kwa kuwa anayebeba kisu kanisani leo atabeba neno gani kesho? Wako waliosema apewe adhabu kisha asamehewe. Wako waliolaumu mjini, na wako waliolaumu mama yake. Maneno yalipokuwa yamepamba moto, mzee mmoja aliyekaa kimya tangu mwanzo alitia mkono katika mfuko wa koti lake, akatoa kisu, akakiweka mezani kando ya kile cha mtoto.

Vilikuwa vya namna moja. Mipini ya mti yenye nakshi za mwezi na nyota, na pete ndogo ya chuma mgongoni. Tofauti ilikuwa moja tu: cha mtoto kilikuwa kipya, na cha mzee kilikuwa kimelika kwa kunolewa miaka mingi hata bapa lake limekuwa jembamba kama jani la muwa. Mzee hakusema neno. Tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa, na ndilo tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi. Vyuma viwili vya namna moja: kwa nini kimoja tulikiona kuwa chombo cha kazi, na kingine tukakiona kuwa hatia? Na je, ni haki kumkabidhi mtoto kitu kiwezacho kumwumiza yeye au mwenzake? Na kama ni haki, ni kwa namna gani?

Kisu chenyewe

Wengi wetu tunakiita kisu hicho okapi, kwa jina lililopigwa chapa juu yake. Okapi ni mnyama wa misitu ya Kongo, wa jamaa ya twiga, ambaye wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1901. Mwaka uliofuata, 1902, Wajerumani walianza kutengeneza kwao visu vya jina hilo, na walikusudia kuviuza katika makoloni yao ya Afrika. Nchi yetu ilikuwa mojawapo. Wakati huo boma lao hapa Songea lilikuwa limekwisha simama tangu 1897.

Hebu tuifikiri miaka hiyo. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaanza, na mwaka 1906 wazee wengi wa Kingoni wakanyongwa katika mji huu, akiwamo Nduna Songea Mbano ambaye mji una jina lake. Baada yake ikaja njaa kuu. Basi kisu hiki kidogo kilitoka katika nchi ile ile iliyotuletea kamba ya kitanzi. Hata hivyo, Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja nao wakaondoka, na kisu kikabaki mifukoni mwa baba zetu. Babu zetu walioandikwa na SILABU kwenda kukata mkonge Tanga, na wale waliokwenda migodini Afrika Kusini kwa mkataba wa Wenela, kabla safari hizo hazijakomeshwa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, walirudi na blanketi, na sufuria, na aliyejaliwa alirudi na baiskeli. Na wengi wao, wakivua koti, ilisikika katika mfuko sauti ya kitu kizito kikigonga kiti. Ndicho hicho.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 visu hivyo hutengenezwa Afrika Kusini. Huko pia vina majina mawili. Kwa mkulima na mchunga ng'ombe ni kisu cha kumenyea chungwa na kukatia kamba. Katika magenge ya mijini ni silaha yenye sifa mbaya, na watu wamekufa kwayo. Chuma ni kile kile, na pete ni ile ile.

Basi mtu atasema, jibu ni rahisi: chuma hakina moyo, ubaya umo ndani ya mtu. Ni kweli, naye Bwana wetu alifundisha kwamba yamtiayo mtu unajisi hutoka ndani yake. Lakini jibu hilo halitoshi. Hakuna mama anayemwekea mtoto mchanga wembe mkononi akasema kuwa wembe hauna kosa. Swali letu linahusu njia ya kutoka mkono wa mzee hata mkono wa mtoto. Kisu hupitaje katika njia hiyo?

Kwanza kinoo, kisha kisu

Wengi katika sisi tulioketi mezani siku ile tulikulia mashambani: upande wa Matimira, Mpitimbi, Namtumbo, na wengine kule Umatengo. Siku hizo chama kikuu cha ushirika, NGOMAT, kilichoanzishwa mwaka 1936, ndicho kilichouza tumbaku ya wazazi wetu, na hesabu za mwaka mzima, karo, nguo za Krismasi na sadaka ya mavuno, zote zilitegemea majani yale. Tumbaku yetu ni ya moshi. Majani hufungwa kwenye fito, hutundikwa ndani ya bani, na moto huwashwa chini yake polepole, mchana na usiku. Kazi hiyo inataka kamba nyingi, nasi watoto ndio tuliotumwa kuchuna magome ya miti na kuyapasua yawe kamba. Ndipo tulipokutana na kisu.

Lakini hatukupewa kisu siku ya kwanza. Kwanza tulipewa kinoo. Mtoto wa miaka sita au saba aliketi karibu na baba au babu, akishika kibuyu cha maji, na kazi yake ilikuwa kulilowesha jiwe. Alitazama bapa likienda na kurudi, na akajua kwa masikio kabla hajajua kwa vidole: makali yakiwa butu sauti ni nyingine, yakiwa tayari sauti ni nyingine. Mwaka uliofuata alikibeba kisu, kikiwa kimekunjwa, kutoka nyumbani hadi shambani, na ole wake akikifungua njiani. Halafu alikata akiwa ameketi, magoti yameachana, na mzee yuko kando yake, akifanya kazi yake mwenyewe lakini jicho moja liko pale. Halafu alikata akiwa mbali hatua kumi. Halafu, siku moja isiyotangazwa, baba alisema tu, "Kachune magome kule bondeni," akatoa kisu mfukoni, akakiweka chini, mtoto akakiokota, akaenda peke yake.

Tunasema alikiweka chini, kwa maana hiyo nayo ilikuwa sheria. Kisu hakikupokezwa mkono kwa mkono. Uliweka chini, mwenzako akaokota. Sheria nyingine zilikuwa hizi: Kata ukipeleka makali mbali na mwili wako. Ukimaliza, futa, kunja, kisha simama. Usimwelekezee mtu ncha, hata kwa mzaha. Ukiazima kisu cha mtu, kirudishe kikiwa safi na kikali kuliko ulivyokichukua. Hakuna aliyetuandikia sheria hizo ubaoni. Tulizipata kwa kuketi karibu.

Wala haikuwa kazi ya wavulana tu. Dada zetu walivuna ulezi kwa visu vidogo, suke moja moja, tangu asubuhi hata jua kuwa kali, na mkono wao ulikuwa mwepesi kuliko wetu. Muhogo, muwa, boga, kuku wa mgeni, mishono ya gunia, mpini wa jembe uliolegea, gari la mtoto la mabua: vyote vilipita chini ya kisu. Hata shuleni, baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, mwanafunzi alikuja na jembe au fyekeo begani, na mwalimu hakushtuka. Angeshtuka kama angekuja mikono mitupu.

Hatusemi kwamba siku zile zilikuwa za malaika. Watu walipigana pombeni, na visu vilitoka. Lakini mtoto aliyelelewa hivyo alikuwa amekwisha kukitumia kisu mara elfu kwa kumenya na kufunga, kabla hajafikia umri wa hasira kubwa. Mkono wake ulikuwa umekwisha kujua kazi ya kisu ni nini.

Mtoto akililia wembe

Wahenga wetu wana methali ambayo sote tunaijua: mtoto akililia wembe, mpe. Tumeisikia mara nyingi, na mara nyingi husemwa na mtu aliyechoka. Maana yake inayojulikana ni kwamba mkaidi na apewe anachotaka, ukimkata atajifunza. Na methali nyingine inajibu kutoka upande wa pili: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Yaani anayeogopa machozi ya mtoto leo, kesho machozi yatakuwa yake mwenyewe.

Hatutaki kushindana na wahenga. Lakini tukiitazama ile methali ya kwanza, tunaona kwamba imewataja mtoto na wembe, na imemwamuru mzazi atoe. Haikusema mzazi afanye nini akishatoa. Je, aondoke? Aketi? Agize uso pembeni asione damu? Palipo na kimya hicho ndipo sisi tulipoangukia, na yafuatayo tunayaandika kwa aibu.

Mwaka 1986, mwezi wa Mei, tulikuwa watu wazima watano katika shamba la tumbaku la mmoja wetu. Tulikuwa tumekaa kivulini karibu na bani, tukizungumza juu ya bei. Mtoto wa ndugu yetu, mwenye miaka tisa, alikuwa pamoja nasi. Alitaka kuchuna magome kama wakubwa, na tangu asubuhi aliomba kisu: "Baba mdogo, nipe kisu. Baba mdogo, nipe kisu." Mwishowe mmoja wetu alichoka. Alitoa kisu mfukoni, akakifungua, akampa mkononi, akasema methali ile ile, nasi wote tukacheka. Kisha tukarudi katika mazungumzo yetu.

Sasa sikieni. Kisu kile kilikuwa kizee. Pete yake ilikuwa imelegea, na meno yanayolia mtu akifungua hayakushika sawasawa. Sisi tulijua. Mwenye kisu alijua, na wote tuliowahi kukiazima tulijua kwamba hakifai kusukumwa kwa nguvu upande wa mgongo, maana kitajikunja. Tuliyajua hayo kama tunavyojua njia ya nyumbani, wala hakuna aliyemwambia mtoto. Alikigandamiza kwenye gome, kikajikunja juu ya vidole vyake.

Tulimbeba kwa baiskeli hata hospitali. Kidonda kilipona. Vidole viwili vya mkono wa kuume havikukunjika tena. Leo ni mtu mzima mwenye watoto, na jembe hulishika kwa vidole vitatu. Hakutulaumu hata siku moja. Lakini miaka mingi baadaye, msibani, usiku wa manane watu wakiota moto, mmoja wetu alijitia ujasiri akamwomba msamaha. Alijibu kwa upole, "Baba zangu, mngekuwa mmenitazama, mngeona nimekishika vibaya." Basi, hakuongeza neno.

Tumelifikiri jibu hilo mara nyingi. Hakusema tulikosa kumpa. Alitaka kupewa, na umri wake ulikuwa umefika. Kosa letu lilikuwa kwamba tulitoa kisu tukazuia maarifa ya kisu, tukatoa mkono tukazuia jicho. Tulimpa ili anyamaze. Na kitu kinachotolewa ili mtu anyamaze hakikutolewa kwa kumwamini, hata kama kwa nje vinafanana.

Dawa isiyo dawa

Baada ya siku ile mama yake alificha kila kisu nyumbani, na nani awezaye kumlaumu? Wadogo zake yule mtoto walikua bila kugusa makali. Tuliona matunda yake baadaye: vijana wa miaka 20 wanaosimama kando ya muhogo wakimngoja mtu awamenyee, na waliposhika panga mara ya kwanza walilishika kama mtu anayeshika nyoka. Wengine wakawa waoga, wengine wakawa wajinga wa hatari. Kunyima kabisa kuliahirisha jeraha tu.

Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 13, kinasimulia jinsi Wafilisti walivyohakikisha kwamba hapana mhunzi katika nchi yote ya Israeli, wasije wakajifanyia panga na mikuki. Kila Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe lake au shoka lake ilimpasa kuwashukia Wafilisti. Ndivyo afanyavyo mtawala asiyewaamini watu: huondoa chuma, na pamoja na chuma huondoa ufundi, na pamoja na ufundi huondoa heshima. Mzazi hapaswi kuwa Mfilisti katika nyumba yake.

Basi tumeona njia mbili zilizo rahisi. Ya kwanza ni kunyima. Ya pili ni kutoa na kugeuka. Zinaonekana kuwa kinyume, lakini zinafanana katika jambo moja: zote mbili zinamwondolea mkubwa kazi ya kuketi kando ya mtoto.

Baba aliyetazama njia, na Petro mwenye upanga

Tuutazame mfano wa Bwana katika Injili ya Luka sura ya 15. Mwana mdogo aliomba sehemu yake ya mali. Baba alijua moyo wa mwanawe, lakini aligawa. Huo ndio wembe uliolilia mtoto. Tofauti yake na sisi watano wa mwaka 1986 ni kwamba baba yule hakurudi katika mazungumzo yake. Mwana alipokuwa angali mbali, baba alimwona. Aonaye mbali ni yule aliyekuwa akitazama. Hakuweza kumzuia asijikate. Lakini damu ilipotoka, alikuwa yupo, na akakimbia.

Tena tumtazame Petro usiku ule bustanini. Yohana anatuambia kwamba alikuwa na upanga, akamkata sikio mtumishi aitwaye Malko. Bwana alikuwa ametembea na Petro muda mrefu, na Luka anaandika kwamba usiku huo huo wanafunzi walikuwa wamemwonyesha panga mbili. Basi hakushangaa kuuona upanga. Alifanya nini? Alimwamuru aurudishe mahali pake. Alilitengeneza sikio la mtu aliyeumizwa. Na baada ya kufufuka, kando ya ziwa penye moto wa makaa, alimwuliza Petro mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kundi lake alilishe.

Tufikiri hapo. Mkono uliokata sikio ndio uliokabidhiwa kondoo. Sisi katika Halmashauri yetu tungemwondoa katika orodha! Lakini Bwana alimwamini, tena hakumwamini kwa kufumba macho. Aliliponya jeraha kwanza, aliuliza maswali, alirudia maswali hata Petro akahuzunika, na baada ya kumkabidhi hakumpa mgongo, kwa kuwa aliahidi kuwa pamoja na wanafunzi wake siku zote.

Hivyo ndivyo Mungu anavyotutendea sisi sote. Ametupa ulimi, nao hukata kuliko kisu. Ametupa nguvu, na akili, na ndoa, na watoto, na uwezo wa kukubali na kukataa. Hakungoja tustahili ndipo atupe, maana tusingepewa kamwe. Lakini wala hakutupa ili tunyamaze. Anatupa, kisha anaketi kando yetu.

Yawezekana mtu aulize: je, mzazi atamtazama mtoto mpaka lini? Kazi ni nyingi, na mtoto naye ana siku ya kwenda bondeni peke yake. Ni kweli. Ndiyo maana wazee walipanga hatua: kinoo, kubeba, kukata karibu, kukata mbali, kwenda peke yake. Kuketi kando kuna mwisho wake, na mwisho huo hujulikana na yule aliyeketi, kwa kuwa ameujua mkono wa mtoto. Asiyeketi hajui kama siku imefika au bado. Na mwingine atauliza: je, nikiketi, hataumia? Yawezekana ataumia. Hatuwezi kumwahidia mzazi yeyote jambo ambalo baba wa mwana mpotevu hakulipata. Tunaloweza kusema ni kwamba akiumia atakuwa na mtu wa kumfunga kidonda, wala hatakuwa na deni la kuuliza kwa nini hakutazamwa.

Visu vya leo

Ndugu zetu, siku hizi watoto wengi wa Songea hawachuni magome. Lakini wembe haukupungua, umebadilika tu sura. Mtoto analilia simu, tunampa ili anyamaze, tunarudi katika mazungumzo yetu. Kijana analilia pikipiki, tunauza gunia za mahindi tunamnunulia, na hatukai hata siku moja kumwona anavyokata kona. Tunajua hatari zake, kama tulivyojua pete iliyolegea. Je, tumewaambia?

Na Kanisa pia lina neno la kujibu. Katika Ubatizo wazazi na wadhamini wanaahidi. Katika Kipaimara tunaomba Askofu awawekee watoto wetu mikono, nao wanakabidhiwa imani yao waishike wenyewe. Ni jambo kubwa na lenye makali. Kisha tunakwenda kula pilau, na wadhamini wengi hawamwoni tena mtoto yule mpaka siku ya harusi yake. Hapo pia tunatoa na kugeuka.

Sasa turudi mezani. Baada ya kicheko chetu kukatika, mama mmoja wa Halmashauri aliuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: "Mtoto mwenyewe ameulizwa?" Hakuwa ameulizwa. Padre akamwita pamoja na mama yake.

Mtoto alieleza kwa sauti ndogo. Mafundisho huisha jioni, na njia ya kwao ina giza. Mara mbili vijana wakubwa walimzuia wakamnyang'anya fedha. Alinunua kisu sokoni, na tangu alipokinunua alikuwa amekifungua mara moja tu, akashindwa kukifunga, akalala nacho kikiwa wazi chini ya kitanda mpaka mwenzake alipomsaidia. Hakujua kwamba pete huvutwa. Yule mzee akasogeza kiti, akachukua kisu, akamwonyesha: vuta hapa, kunja hivi, vidole viwe huku. Mtoto akafanya mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Sisi wengine tulitazama meza, kwa maana tulikumbuka kwamba kwa majuma mengi mtoto huyu alipita gizani akitoka kujifunza habari za Mchungaji Mwema, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ametembea naye.

Iliamuliwa hivi. Kisu kitunzwe na mzee. Mtoto abaki katika orodha. Na wazee wawili kwa zamu wawasindikize watoto wa njia ile mpaka mafundisho yaishe. Alipata Kipaimara pamoja na wenzake. Siku za Jumamosi huenda na mzee shambani. Hajapewa kisu bado; kwa sasa anashika kibuyu cha maji, mzee ananoa. Hatusemi kwamba atakuwa mtu mwema kwa sababu hiyo. Hilo liko mikononi mwa Mungu, na mikononi mwake mwenyewe.

Basi, wapendwa, kila mmoja wetu na ajiulize nyumbani kwake wiki hii: ni kitu gani chenye makali nimempa mtoto wangu, au mtoto wa ndugu yangu, au mtoto niliyemdhamini? Nilimpa kwa kumwamini, au nilimpa ili anyamaze? Na kama tumekwisha kumpa mgongo, haijawa usiku bado. Tugeuke, tusogeze kiti, tuketi.